Mafuta ya Gia ya Injini ya Mashua: Mazungumzo kwa Wavuvi na Wenye Mashua wa Upande wa Macalder



Macalder ni mahali palipokuzwa na mashine. Shaba na dhahabu zilichimbwa hapo kwa mitambo mikubwa mpaka mgodi wa shaba ulipofungwa mwaka 1966, na hata baada ya kufungwa, wachimbaji wadogo wameendelea kuitafuta dhahabu katika udongo wa Nyatike. Lakini ukiufuata Mto Kuja mpaka unapoingia Ziwa Victoria utakuta watu wengine ambao riziki yao yote imening'inia juu ya mashine iliyo ndogo mno kuliko zile za mgodini. Hao ndio wavuvi wa Karungu na wa Ghuba ya Muhuru, ambao mashua zao huvuka maji mengi, mpaka karibu na kisiwa cha Migingo, kutafuta mbuta.

Mashine hiyo ni injini inayofungwa kwenye tezi ya mashua. Mtu aliyeifanya ijulikane ulimwenguni ni Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyehamia Marekani, ambaye alianza kuiuza katika mji wa Milwaukee mwaka 1909. Yeye aliitengeneza kwa ajili ya watu waliochoka kupiga makasia, na hakuwaza habari za maji ya Nyanza. Hata hivyo, katika ziwa hili imekuwa chombo cha kazi kama jembe lilivyo shambani, na siku hizi katika fukwe nyingi injini zinazoonekana zaidi ni Yamaha za nguvu za farasi 15 na za nguvu za farasi 40.

Kila mvuvi anajua kutunza kichwa cha injini. Husafisha plagi, huchuja petroli kwa kitambaa, na mlio ukibadilika kidogo tu husikia. Sehemu inayosahauliwa ni ile iliyo chini ya maji, yenye umbo la yai refu, ambayo propela, au rafadha kama wanavyosema watu wa pwani, imefungwa nyuma yake. Ndani yake mna gia, na gia hizo zinaogelea katika mafuta machache sana. Mashine ya farasi 15 huchukua kiasi cha robo lita tu, na ile ya farasi 40 huchukua pungufu kidogo ya nusu lita. Kiasi hicho kingejaa katika kikombe au vikombe viwili vya chai. Kazi yake ni hii: shafti itokayo juu hushuka wima ikiwa na gia ndogo mwishoni, na gia hiyo huzungusha gia mbili kubwa zilizolala ubavu, moja ya kwenda mbele na moja ya kurudi nyuma. Injini inapozunguka mara 5,000 kwa dakika, propela huzunguka karibu nusu ya hesabu hiyo, na nguvu yote ya kusukuma mashua, samaki, barafu na watu hupita katika meno machache ya chuma yanayosagana. Kinachozuia meno hayo yasilane ni utando mwembamba wa mafuta.

Hapa lipo kosa moja la fikira ambalo limeharibu mashine nyingi. Injini nyingi za ziwani ni za aina inayochanganyiwa mafuta ndani ya petroli. Kwa kuwa mvuvi hutia mafuta hayo kila siku kwa mkono wake mwenyewe, huamini kwamba mashine yake imekwisha kupata mafuta, na kwamba hakuna tena sehemu yenye njaa. Lakini mafuta yanayochanganywa na petroli huungua juu, ndani ya silinda, yakatoka kama moshi. Hata tone moja halifiki kwenye gia. Mafuta ya gia ni mengine kabisa, hukaa katika chumba chake peke yake, hayaungui wala hayapungui yakiwa salama, na kwa sababu hayapungui hakuna dalili ya nje inayomkumbusha mtu kwamba yapo. Mashine inaweza kunguruma vizuri kabisa asubuhi na jioni gia zake zikawa zimesagika.

Adui mkubwa wa mafuta hayo ni maji. Pale shafti ya propela inapotoka nje pana sili ya mpira inayozuia maji yasiingie, na palipo na mpira panachakaa. Katika ziwa hili jambo linaloikata sili mapema kuliko mengine yote ni uzi wa nyavu. Propela ikipita juu ya nyavu iliyoachwa ikielea, uzi hujizungusha kwenye shafti nyuma ya propela, hukazwa na kila mzunguko, hupata moto, na mwisho huingia katika sili kama kisu. Nyavu za uzi mmoja wa plastiki, ambazo zimepigwa marufuku katika sheria za uvuvi za Kenya, ndizo mbaya zaidi, kwa maana haziozi na macho hayazioni kwa urahisi. Mchanga nao hufanya kazi yake. Mashua inayoendeshwa kwa injini mpaka pwani kabisa, badala ya kuinua injini na kumalizia kwa kasia, husukuma mchanga ndani ya nafasi ileile, na wakati wa mvua Mto Kuja huleta matope ya kuongezea.

Tena kuna njia ya siri ambayo maji huipitia. Injini ikifanya kazi, chumba cha gia hupata joto, na hewa kidogo iliyomo hupanuka. Mashua inapotia nanga na injini kuzimwa huku ikining'inia majini, chumba hupoa na hewa ile hujikunja. Hapo chumba huvuta, kama mtoto anavyonyonya. Sili ikiwa nzima hakiingii kitu. Ikiwa na mkwaruzo mdogo, kila usiku huingia matone machache, wala mwenye mashua hana habari. Wavuvi wanaotega usiku kucha na kungoja, kisha kuwasha na kuzima mara nyingi, ndio wanaopatwa na jambo hili zaidi kuliko yule anayekwenda mwendo mmoja na kurudi.

Na kinachofuata si hasara ya fedha tu. Katika upande huu wa ziwa, upepo wa usiku na alfajiri hutoka nchi kavu kwenda majini, na ule wa mchana hutoka majini kuja nchi kavu. Wazee waliotumia tanga waliujua utaratibu huo, wakaondoka na upepo wa kwanza na kurudi na wa pili. Fikiri basi mashua ambayo gia zake zimevunjika saa tisa ya usiku mbali na Muhuru. Injini inalia lakini propela haigeuki. Tanga halikuchukuliwa, kwa sababu siku hizi watu wanaitegemea injini, na makasia ni mawili, labda moja limepasuka. Upepo unaichukua mashua kuelekea magharibi, pale ambapo mipaka ya Kenya, Uganda na Tanzania inakutana ndani ya maji. Sehemu ya Kenya katika ziwa lote ni kiasi cha asilimia 6 tu, hivyo si lazima mashua ielee muda mrefu ili kuingia katika maji ya nchi nyingine, na huko wavuvi watapaswa kueleza kwa askari kwamba hawakuja kuvua. Hiyo ndiyo bahati nzuri. Bahati mbaya ni dhoruba kuwakuta wakiwa hawawezi kuelekeza omo kwenye wimbi.

Yafaa sasa kusema habari ya muda. Vitabu vya watengenezaji huagiza kwamba katika mashine mpya mafuta ya gia yabadilishwe baada ya saa 10 za kwanza, kwa sababu meno mapya hutoa vumbi la chuma yanapozoeana, na baada ya hapo kila saa 100 za kazi au kila miezi 6, lolote litakalotangulia. Wengi wakisoma hivyo hushika ile miezi 6, kwa kuwa mwezi ni rahisi kuhesabu kuliko saa. Lakini miezi 6 inamfaa mtu anayetembea na mashua Jumapili kwa kujifurahisha. Mvuvi ambaye injini yake hufanya kazi saa 4 kila siku humaliza saa 100 katika siku 25, na yule wa saa 5 humaliza katika siku 20. Kwa hiyo kwa mashua ya kazi, kubadili mafuta haya ni jambo la kila mwezi, na anayengoja nusu mwaka amekwisha kuipitisha mashine yake muda wake mara sita au zaidi. Gharama haiwezi kuwa kisingizio, kwani nusu lita ya mafuta ya gia huuzwa kwa bei ndogo kuliko petroli ya safari moja ya Migingo.

Kisingizio cha kweli ni kingine, na ni vema kukitaja waziwazi. Mashua nyingi si mali ya wanaoziendesha. Mwenye mashua yuko nchi kavu, pengine ana duka Macalder au Sori, naye hudhani kwamba wavuvi wake wanaitazama mashine. Wavuvi nao hugawana kinachobaki baada ya gharama kutolewa, na kila chupa ya mafuta inayonunuliwa huonekana kama samaki aliyetolewa katika sahani yao. Hivyo kila upande hungojea mwenzake, na gia zinaliwa katikati. Vikundi vya usimamizi wa fukwe, vilivyowekwa kwa kanuni za mwaka 2007, vina madaftari ya mashua na ya samaki. Si kazi ngumu kuongeza ukurasa mmoja ambao kila mashua itaandikiwa siku mafuta yalipobadilishwa na jina la aliyebadilisha. Mahali ambapo jina la mtu limeandikwa, kungojeana hupungua.

Kazi yenyewe haihitaji fundi wa mjini. Huhitaji bisibisi pana inayojaa katika ufa wa skrubu, kwa kuwa bisibisi nyembamba huharibu kichwa cha skrubu na kuanzia siku hiyo haifunguki tena. Huhitaji pia chombo cha kukingia mafuta, kitambaa kisafi, pete mbili mpya za skrubu, ambazo mafundi huziita washa, na mafuta ya gia ya injini za mashua, yaani yale ya namba 90 ya aina ya haipoidi. Mafuta ya injini ya gari hayafai. Mafuta yaliyokwisha kutumika katika lori hayafai hata kidogo, ingawa yanapatikana bure na ndiyo yanayowashawishi watu.

Wakati mzuri ni mara tu mashua inaporudi, mafuta yangali na joto na mepesi kutoka. Asitokee mtu wa kuiwasha injini ufukoni ili kuyapasha moto, kwani pampu ya maji ya kupoza itazunguka kavu na kuungua, na kazi ya kutunza itakuwa kazi ya kuharibu. Injini na isimamishwe wima juu ya kiunzi cha mbao kilicho imara, na waya za plagi zivuliwe ili propela isije ikageuka na kukata vidole vya mtu.

Ubavuni mwa chumba cha gia mna skrubu mbili, moja chini na moja juu. Kabla ya kuzigusa, pafutwe mchanga wote. Hufunguliwa kwanza ile ya chini, chombo kikiwa tayari, kisha ile ya juu, ili hewa iingie na mafuta yatoke yote. Tahadhari moja hapa: katika baadhi ya injini za zamani kuna skrubu nyingine yenye kichwa cha msalaba karibu na ile ya chini. Hiyo hushikilia mtambo wa kubadili gia uliomo ndani, na mtu akiifungua kwa kudhani kuwa ni ya mafuta, mtambo huachia, na chumba kizima hakina budi kufunguliwa. Asiye na hakika na atazame mahali mafuta yanapotoka katika mashine ya mwenzake iliyo sawa na yake.

Mafuta yanapotoka ndipo pahali pa kutulia na kutazama, na kwa kweli jambo hili ni kubwa kuliko hata kule kutia mafuta mapya. Yakitoka safi, mazito, yenye rangi ya asali au yaliyokoza kidogo, mambo ni mema. Yakiwa meusi na yana harufu ya kuungua, yamekaa mno au mashine imelemewa. Yakitoka meupe kama chai ya maziwa, maji yamekwisha kuingia na kukorogwa pamoja nayo. Ikiwa injini ilikaa wima usiku kucha bila kuguswa, maji yaliyo peke yake hutuama chini kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta, na skrubu ya chini ikilegezwa kidogo hutangulia kudondoka maji matupu. Mwenye shaka na mashine yake aweza kufanya jaribio hili asubuhi yoyote bila kumwaga mafuta yote.

Kisha mtu na asugue mafuta yale baina ya kidole gumba na cha shahada. Skrubu za mashine nyingine zina sumaku nchani, na unga laini wa kijivu juu yake si jambo la kuogofya, ni uchakavu wa kawaida. Lakini punje za chuma zinazochoma kidole, au kipande kinachometameta, ni jino lililomeguka. Mashine hiyo isirudi majini kabla ya kufunguliwa na fundi.

Kwa mashine iliyotoa mafuta meupe, wengi hufanya haraka: hutia mafuta mapya, hufunga, na jioni ileile huondoka. Huko ni kufua maji ndani ya mashua iliyotoboka na kuacha tundu wazi. Mafuta mapya yatakuwa meupe baada ya siku chache. Kwanza propela ivuliwe, kwa kuchomoa pini yake na kufungua nati. Mara nyingi aliyeivua hukuta nyuma yake shada zima la uzi wa nyavu lililojikaza kama pete, hata kwa mashua ambayo nahodha wake anaapa kwamba hakugusa nyavu ya mtu. Uzi ukatwe wote kwa uangalifu, shafti ipakwe grisi, na pini mpya itiwe. Ikiwa sili imekatwa, ibadilishwe. Pete za skrubu zilizotumika mara nyingi nazo huvujisha, na kwa kuwa ni rahisi kuliko sili, wenye busara huanza na hizo. Kuivua propela namna hii kungefaa kufanywa kila mara mafuta yanapobadilishwa, hata kama yalitoka safi.

Kutia mafuta mapya kuna kanuni moja ambayo huonekana ya kinyume: hutiwa kwa tundu la chini. Yakimiminwa kutoka juu hufungia hewa ndani, na mtu huona yamefurika kumbe chumba kina nafasi tupu. Yakisukumwa kutoka chini kwa chupa yenye mdomo mrefu, au kwa pampu ndogo ya mkono, hupanda polepole yakiifukuza hewa mbele yake. Endelea mpaka yatokee katika tundu la juu bila mapovu. Hapo skrubu ya juu ifungwe kwanza, ikiwa na pete yake mpya, na mdomo wa chupa usiondolewe bado. Juu pakiwa pamezibwa, mafuta hayana haraka ya kutoka, na mtu anapata nafasi ya kuondoa chupa na kufunga skrubu ya chini. Zikazwe kwa nguvu ya kiasi, si kwa kunyonga. Mashine iachwe wima kidogo, kisha skrubu ya juu ilegezwe tena kutazama kama mafuta yameshuka, na yakiwa yameshuka yaongezwe.

Kipande cha karatasi nyeupe au cha boksi kikiwekwa chini ya injini usiku huo kitaonyesha asubuhi kama kuna tone lililodondoka.

Mafuta ya zamani yasimwagwe ufukoni. Mahali mashua zinapopandishwa ndipo akina mama wanapoteka maji ya kunywa na ya kupikia, na mvua ya kwanza huyateremsha yote ziwani. Na yakusanywe katika debe moja la ufuo, lenye kifuniko, na litakapojaa lichukuliwe kwenye gereji ya Macalder au ya Migori pamoja na mafuta yao machafu, siku ile gari linapokwenda kuleta barafu.